Birika la umeme: yasemwayo dukani na yaliyo kweli

Ingia duka lolote la vifaa vya stima pale Luthuli Avenue uulize birika. Muuzaji atakutajia wati, kisha lita, kisha atagonga ubavu wa chuma kwa kidole usikie ulivyo mzito. Hayo yote yana maana yake, lakini siyo yanayoamua kama birika litakutumikia au litakusumbua. Yanayoamua ni madogo na yamejificha: swichi ya kuzima, kifuniko, plagi, na mstari wa kiwango cha chini cha maji. Halafu kuna Nairobi yenyewe. Jiji liko mita 1,700 na kitu juu ya usawa wa bahari, na maji yake huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100. Mashauri mengi ya chai na kahawa yanayosambaa hayakuhesabu jambo hilo.

"La wati nyingi linamaliza tokeni"

Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi yachemke kunataka nishati ile ile, birika liwe la wati 1,000 au 2,200. Ni kama uniti 0.1, ukijumlisha na joto linalopotea njiani. Kinachobadilika ni muda: la wati 1,000 litachukua karibu dakika 6, la 1,500 kama dakika 4, la 2,200 chini ya dakika 3. Lile la polepole ndilo linalopoteza zaidi kidogo, maana linakaa moto kwa muda mrefu.

Tofauti ya kweli iko kwenye waya. Wati 2,200 kwa volti 240 huvuta ampia 9 na kidogo. Wati 1,500 huvuta 6 na robo. Kama soketi ya jikoni imelegea, au birika litategemea ekstensheni nyembamba inayobeba pia friji na maikrowevu, chukua la 1,500 na usione umepunjwa. Ekstensheni ikiwa lazima, iwe ya ampia 13, na ikunjuliwe yote. Waya uliozungushwa hauna pa kutolea joto, na ndio huyeyuka kwanza.

Ukiona kibandiko kimeandikwa 220–240V na 1850–2200W, usidhani kuna hita mbili. Ni hita moja: kwa volti 240 inatoa 2,200, kwa volti 220 inatoa 1,850. Stima ikishuka hadi volti 210 jioni, hita hiyo hiyo haifiki hata 1,700. Kwa hivyo birika linalochelewa saa moja usiku na kuwahi alfajiri si lazima liwe bovu.

"Gesi ni rahisi kuliko stima"

Kwa maji matupu, zinakaribiana mno. Chukulia uniti inakugharimu shilingi 28 pamoja na tozo zake: lita moja kwenye birika ni shilingi 3 bila senti chache. Jiko la gesi hupeleka takriban nusu tu ya moto wake ndani ya sufuria, nusu nyingine ikipita pembeni, hivyo lita hiyo inakula gramu 13 au 14. Kama mtungi wa kilo 6 unaujaza kwa shilingi 1,300, hizo pia ni shilingi 3. Pesa hasa inapotea kwa mtu anayejaza lita moja na nusu ili anywe kikombe kimoja.

Hapo ndipo "kubwa ndilo la familia" linapoangukia. Kabla ya kuangalia MAX, angalia MIN. Mabirika mengi ya lita 1.7 yana mstari wa chini kwenye nusu lita, yaani vikombe viwili vya kawaida. Anayeishi peke yake bedsita atakuwa anachemsha kikombe cha pili kila asubuhi na kukimwaga. Wapo watengenezaji wanaoweka mstari huo kwenye robo lita. Hao ndio wa kutafuta.

"Kwa kahawa, acha maji yapoe kidogo kwanza"

Ushauri huu ni sahihi Mombasa. Kahawa ya kuchuja hutoka vizuri kwa maji ya nyuzi 90 hadi 96, na mtu wa pwani ambaye maji yake yamefika 100 ana haki ya kusubiri. Nairobi maji yanayotokota tayari yako katikati ya kiwango hicho. Ukisubiri nusu dakika, ukamimina kwenye chombo baridi, umeshuka chini ya 90 na kahawa inatoka chachu, nyepesi, kama haikuiva. Mimina mara tu birika linapozima, na kabla ya hapo suuza chujio na kikombe kwa maji ya moto. Gramu 15 za kahawa kwa mililita 250 ni mwanzo mzuri. Ukiwa Limuru, ambako ni juu zaidi, maji huchemka yakiwa na nyuzi moja au mbili pungufu tena, na haraka inahitajika zaidi.

Chai ya rangi nayo inataka maji ya moto kadiri inavyowezekana. Bahati yetu ni kwamba majani mengi ya Kenya ni ya CTC, yale ya punje ndogondogo, na hayo hutoa rangi upesi hata kwa nyuzi 94. Pasha buli, funika, dakika 3 au 4 zinatosha. Chai ya kijani pekee ndiyo ya kusubiriwa, kwani inataka nyuzi 70 hadi 80.

Kutokana na hili, tahadhari na mabirika ya kidijitali yenye kitufe cha 100. Baadhi hungoja kipimo kifike 100, na hapa hakifiki kamwe, basi linaendelea kutokota na kujaza jikoni mvuke hadi mtu alizime. Mengine yamewekewa akili ya kutambua kwamba joto limeacha kupanda. Njia ya kujua ni moja tu: mwambie muuzaji alijaribu mbele yako. La mdomo mrefu mwembamba, lile la wapenzi wa kahawa, linafaa kama unachuja kwa mkono ukizungusha maji taratibu. Kwa chai ya kawaida linakuchelewesha bure.

"Linazima lenyewe, halina hatari"

Birika la kawaida halipimi joto la maji. Ndani kuna kibati chembamba cha metali mbili zilizogandishwa pamoja; mvuke ukikifikia kinajipinda na kukata umeme. Mvuke huo hupita kwenye tundu dogo karibu na kifuniko, upande wa mpini. Acha kifuniko wazi, au kiwe hakishiki vizuri, na mvuke unatoka nje badala ya kwenda kwenye swichi; birika litachemka mpaka likauke. Ndipo kinga ya pili, iliyo chini ya hita, inapokata. Hiyo ni ya dharura. Birika lililokauka hivyo mara kwa mara siku moja halitakata.

Dukani weka nusu lita, funga, washa. Likishaanza kutokota kwa nguvu, linapaswa kuzima ndani ya nusu dakika. Likiendelea, rudisha. Fungua na kufunga kifuniko mara kadhaa pia, kwa sababu bawaba yake huwa ya plastiki na ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuvunjika. Na usijaze kupita MAX: maji yakirukia lile tundu la mvuke, swichi inalowa na kuanza kutu.

"Plagi yoyote, mradi iingie"

Hapana. Kuna mabirika yanayouzwa mitaani yakiwa na plagi nene ya duara ya pini mbili, na watu huzisukuma kwenye soketi zetu kwa kuchomeka kalamu tundu la juu. Plagi hiyo hushika waya wa ardhi pembeni, mahali ambapo soketi ya Kenya haina kitu. Birika litachemka vizuri kabisa, ila mwili wake wa chuma hauna ulinzi: waya ukigusa chuma hicho kwa ndani, mkono wako ndio njia ya umeme. Nunua lenye pini tatu bapa na fyuzi ya ampia 13 ndani ya plagi, lenye stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na usikubali fundi abadilishe fyuzi kwa kipande cha waya.

"Ni stenlesi safi, hata sumaku haishiki"

Sumaku haisemi mengi. Stenlesi ya aina ya 304, inayopendekezwa kwa vyombo vya chakula, haivutwi. Ya 201, ya bei nafuu na inayopata kutu upesi zaidi, nayo kwa kawaida haivutwi. Ya 430 inavutwa na bado ni stenlesi. Tafuta namba 304 au 18/8 iliyopigwa kwenye chuma chenyewe. Kisha chungulia ndani: chuma kinachong'aa nje mara nyingi kina kifuniko cha plastiki upande wa chini na dirisha la plastiki la kuonyesha maji. Harufu ya upya hupungua ukichemsha maji kamili mara tatu na kuyamwaga.

Maziwa yasiingie humo, hata "kidogo tu". Yanaungua kwenye kitako, yanafura na kupita tundu la mvuke, na swichi inaoza. Anayetaka chai ya maziwa bila sufuria kubwa achemshe maji kwenye birika, aloweke majani mengi, kisha apashe maziwa pembeni.

"Ukoko mweupe ni uchafu wa birika"

Ni madini ya maji. Maji ya bomba yatokayo mabwawa ya Ndakaini na Sasumua ni laini na huacha kidogo; ya visima vya mashine, yanayotumiwa na maploti mengi na maboza, ndiyo huacha zaidi. Ukoko hauna sumu, ila huzuia joto na kuchosha hita. Changanya siki nyeupe kikombe kimoja na maji vikombe viwili, au vijiko vidogo vitatu vya asidi ya sitriki kwa lita moja. Chemsha, zima, acha dakika 30, mwaga, kisha chemsha maji safi mara mbili. Usikwangue kwa steelwool.

Floridi, madini ambayo yakizidi hutia meno madoa, ni suala jingine. Baadhi ya visima vya Nairobi vinapita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakuiondoi hata chembe. Maji yakipungua kwa mvuke, yaliyobaki yana floridi nyingi zaidi. Kama maji ya ploti yako ni ya kisima na kuna watoto wadogo ambao meno yao ya kudumu bado yanajiunda ndani ya ufizi, ya chai na ya kunywa yachukuliwe bombani au yapitishwe kwenye mtambo wa RO, ule unaochuja maji kwa kuyasukuma kupitia utando mwembamba.