Boli jointi isiyo na nipeli haidungwi sindano

Jamani, acheni kudunga sindano za grisi kwenye boli jointi (viungo vinavyoshika gurudumu la mbele kwenye mikono yake) zilizozibwa, yaani zisizo na nipeli, kile kichuchu cha kuingizia grisi. Nimechoka kuletewa Hilux za miaka ya 1990 zenye raba zilizotobolewa, na mwenye gari ananihakikishia kuwa mbele kote kumepigwa grisi.

Najua mazoea haya yametoka wapi. Krosi za propela (viungo vya shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu) za gari hizohizo zina nipeli: unapachika bomba, unasukuma mpaka grisi ya zamani itoke na uchafu wake, unapangusa, basi. Pale grisi mpya inapita kwenye beringi yenyewe na ina pa kutokea. Boli jointi iliyozibwa haikuundwa hivyo. Ndani kuna kichwa cha chuma cha mviringo, laini kabisa, kimebanwa kwenye kikombe cha plastiki ngumu, na grisi yake iliwekwa kiwandani. Raba ya nje ipo ili grisi isitoke, maji na vumbi visiingie.

Ukidunga, grisi yako inajaa kwenye raba. Kule kwenye kikombe, ambako ndiko kunakosagika, inafika kidogo mno, kwa sababu nafasi ni finyu na hakuna kinachoisukuma iingie. Ukizidisha, raba inatuna mpaka mdomo wake unaachia chuma. Usipozidisha, tundu la sindano bado umeliacha. Gari ikivuka dimbwi, maji yanaingia. Vumbi la barabara likichanganyika na ile grisi, umeshajitengenezea msasa ndani ya jointi.

Wanaonibishia husema kelele iliisha. Kweli huisha, silikatai hilo: jointi inayolia ukikata kona inaweza kunyamaza kwa muda, kwa hiyo kuna grisi inayopenya. Lakini ulegevu haujapungua hata kidogo, na sasa huna tena sauti ya kukuonya. Boli jointi ya chini ikichomoka mwendoni, tairi linalala na usukani haukusaidii tena. Watu hupanda nyuma ya hizi pikapu.

Ila kabla hujasema imezibwa, itazame vizuri. Jointi nyingi za Toyota za zamani zina skrubu ndogo iliyoziba tundu la nipeli, na tope huificha. Hiyo inapigwa grisi: safisha, toa skrubu, funga nipeli, sukuma taratibu grisi ya lithiamu yenye molibdenamu mpaka raba ianze kujaa, rudisha skrubu.

Kuna mafundi hodari wanaotoboa jointi iliyozibwa kwa drili, wakachonga nyuzi kwa tepu na kufunga nipeli, na gari zao zinatembea. Siwezi kusema wote wamekosea. Mimi husita, maana sijaona namna ya kuhakikisha hakuna chembe ya chuma iliyobaki ndani.

Kupima ni rahisi. Tairi likiwa juu, lishike juu na chini utikise; likicheza, mtu akanyage breki utikise tena. Ikitulia, shida ilikuwa beringi ya tairi. Ikiendelea kucheza, kagua boli jointi kwa mtaimbo. Iliyolegea inabadilishwa, na raba iliyopasuka ni sababu tosha ya kutosubiri.

Na anayekuoshea gari akitaka kupulizia oili chafu na dizeli chini, mkatalie. Raba na bushi (vile vipande vya raba kwenye viungo vya chini) huvimba, zikalainika, zikachanika.