Chembe za Hewani Chumbani: Namna ya Kugeuza Vipimo Bila Kupotoka

Mtu anapofukiza udi jioni katika chumba cha kulala huko Mji wa Kale, Mombasa, moshi hutanda chini ya dari, kisha hupotea machoni, na wengi wetu huamini kwamba umekwisha. Hata hivyo, chembe zake ndogo, zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, huweza kuelea kwa saa kadhaa iwapo madirisha yamefungwa. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 50 hadi 70 hivi, kwa hiyo chembe hizo hazionekani mojamoja, lakini wingi wake hukadirika kwa kifaa kidogo cha kupimia hewa, utepe wa kupimia chumba na hesabu ya shule.

Tuchukue chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5, yaani mita za ujazo 30. Kifaa kikionyesha mikrogramu 40 kwa kila mita ya ujazo, hewa yote ya chumba hicho imebeba mikrogramu 1,200, sawa na miligramu 1.2. Punje moja ya chumvi ya mezani ina uzito wa miligramu 0.06 hivi, kwa hivyo mzigo wote huo ni kama punje ishirini za chumvi kwenye ncha ya kidole. Moshi huohuo ukienea katika chumba cha upana na urefu uleule, ila dari yake iko mita 3.5 juu kama ilivyo katika baadhi ya nyumba za mawe, kifaa kitasoma takriban 29 tu.

Watu hucheka wakisikia habari za punje ishirini, mpaka uzito ugeuzwe kuwa idadi. Tukichukulia kwamba kila chembe ni tufe la kipenyo cha mikromita 1, na kwamba kila sentimita ya ujazo ya dutu yake ina gramu 1.5, chumba kina chembe zipatazo bilioni 1.5. Tukichukulia kipenyo cha mikromita 2.5, idadi hushuka hadi karibu milioni 100, kwa sababu 2.5 huzidishwa kwa yenyewe mara tatu na kuleta 15.6. Ndiyo maana mimi hutaja uzito kwa ujasiri, na idadi kwa hadhari.

Kanuni hiyo ya kuzidisha mara tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi. Tuliwahi kuletewa ripoti ya darasa moja ambamo chembe 20,000 kwa futi ya ujazo ziliandikwa kuwa 65,600 kwa mita ya ujazo, kwa kuwa mita moja ni futi 3.28. Mwandishi alijua kuzidisha, lakini alilipima darasa kana kwamba ni kamba. Mita ya ujazo ina futi za ujazo 35.3, na jibu lilipaswa kuwa takriban 706,000. Vifaa vya bei nafuu aghalabu huhesabu chembe katika sehemu ya kumi ya lita, na hapo huzidishwa kwa 10,000.

Hesabu sahihi, hata hivyo, haiponyi kipimo kibaya. Hewa ya Mombasa ina chumvi ya bahari, na chumvi hiyo huanza kuyeyuka kwa kunyonya maji unyevu unapofikia asilimia 75 hivi, hali tuliyoizoea alfajiri. Chembe huvimba, na kifaa cha leza huziona kama uzito mpya ilhali ni maji. Kwa sababu hiyo, pima kabla ya kufukiza na baada yake, mahali palepale na kwa kimo cha kitanda, kisha uandike unyevu wa saa hiyo. Tofauti ya vipimo hivyo viwili huaminika kuliko kimoja pekee.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo kama kikomo cha wastani wa saa 24, si wa dakika kumi za chetezo. Chumba kikisoma 40 kwa saa 6 na 10 kwa saa 18 zilizobaki, wastani ni 17.5. Dirisha likifunguliwa mapema, moshi ukatoka baada ya saa 3, wastani huwa 13.75.