Wazee wa Reading na waya wa njia mbili

Kioo cha runinga kimegawanywa sehemu mbili. Upande mmoja wameketi wazee wa jengo moja, upande wa pili wenzao wa mtaa mwingine, na wanazungumza huku wakitazamana. Mzee aliyebaki nyumbani anawaona wote kwenye runinga yake. Akitaka kuchangia anapiga simu, na sauti yake inasikika na kila mtu. Hapo ni Reading, mji wa Pennsylvania nchini Marekani, mwaka 1976.

Mradi huo wa runinga ya kebo ya njia mbili, yaani waya unaopeleka vipindi kwa watu na pia kurudisha picha na sauti zao, uliendeshwa na Chuo Kikuu cha New York kwa fedha za Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani, na miongoni mwa viongozi wake alikuwa Red Burns. Vituo vitatu vilifunguliwa palepale wazee walipokuwa wakiishi au kukutana. Wazee wenyewe walishika kamera, wakaongoza vipindi na kuchagua mada. Meya na maofisa wa hifadhi ya jamii walifika mbele ya kamera kujibu maswali yao. Kwa mtu ambaye miguu haimruhusu tena kupanda ngazi za ofisi ya serikali, huo haukuwa msaada mdogo.

Kiufundi, kazi ilikuwa kwenye njia ya kurudi, ile inayotoka kwa watu hadi kituo kikuu cha kebo. Kebo moja hubeba mawimbi ya masafa (frikwensi) mengi kwa pamoja. Kwa mpangilio uliozoeleka Marekani wakati huo, masafa ya chini, takriban megahezi 5 hadi 30, yalitengwa kwa mawimbi yanayotoka kwa watu kwenda kituoni, na vipindi vya kawaida vilianzia megahezi 54. Lakini mawimbi hufifia njiani, hivyo kila baada ya umbali fulani hufungwa amplifaya ya kuyapa nguvu, na zile za zamani zilisukuma upande mmoja tu. Ilibidi zifungwe za pande mbili. Kisha kuna kelele: kiungo kimoja kilicholegea au mota ya mashine nyumbani hupenyeza uchafu kwenye waya, na uchafu wa nyumba zote hukusanyika kuelekea kituoni, kama vijito vinavyomwaga tope katika mto mmoja. Fundi wa kebo anajua adha ya kuusaka.

Miradi miwili mingine ilifadhiliwa sambamba na huo. Rockford, Illinois, wazima moto walisomea mafunzo yao vituoni mwao wakijibu maswali kwa kubonyeza vitufe. Spartanburg, South Carolina, watu wazima walisoma wakiwa nyumbani na kumpelekea mwalimu majibu kwa njia hiyohiyo.

Desemba 1977 kampuni ya Warner ilizindua QUBE, huduma yake ya runinga ya kebo ya njia mbili, huko Columbus, Ohio. Mtazamaji alipewa kisanduku cha vitufe, akapiga kura na kujibu maswali papo hapo. QUBE ndiyo iliyovuma, ila kwa maoni yangu Reading ilifika mbali zaidi. Kitufe hukuruhusu kuchagua miongoni mwa majibu aliyoyaandaa mwingine. Mzee wa Reading aliweza kuuliza swali ambalo meya hakulitarajia.

Fedha za utafiti zilipokwisha, matangazo hayakuzimwa. Shirika la wakazi lisilo la faida, Berks Community Television, liliyaendeleza. Baadaye hata mikutano ya bajeti ya mji ilifanyika kupitia kebo hiyo, na mkazi akauliza kuhusu kodi yake kwa simu akiwa sebuleni.