Kuitoa reli ndogo ya OO kwenda EM: yanayosemwa na yaliyo kweli

Reli ndogo ya mezani ikionekana katika nyumba ya Mombasa, watu huipenda papo hapo. Ukisema tu kwamba unataka kuibadilisha geji, yaani upana kati ya reli na reli, ushauri unakujia kutoka kila upande. Ninayoifanyia kazi ni ya marehemu mjomba, mtumishi wa reli aliyekuwa na treni za Kiingereza za OO, na tangu binamu zangu wakubali tuipeleke kwenye EM, kipimo chenye njia pana zaidi, nimesikia mengi. Baadhi husemwa na watu wenye ujuzi wa mbao au umeme, ndiyo maana yanastahili kujibiwa kwa uangalifu.

Tuanze na vipimo, maana bila hivyo hatuelewani. OO hujengwa kwa milimita 4 kwa kila futi ya treni halisi, sawa na uwiano wa 1:76.2. Njia kuu za Uingereza zina upana wa milimita 1,435 kati ya reli na reli. Gawanya kwa 76.2, unapata 18.83. Lakini reli ya OO ina 16.5 tu. Waundaji wa zamani walihitaji mwili mkubwa kidogo ili mota za wakati ule ziingie ndani ya injini ndogo za Kiingereza, wakakuza mwili wakaiacha njia ya H0, kipimo kidogo zaidi cha 1:87, kama ilivyokuwa. Hornby Dublo, seti za treni ndogo za Kiingereza, ilipotoka mwaka 1938 ilifuata vipimo hivyo, na soko likabaki hapo. Itazame injini ya OO kutoka mbele: mwili umejaa sawasawa, magurudumu yamebanwa katikati.

"Geji ya kipimo makini ni nyembamba kuliko ya kawaida."

Hii ndiyo inayopotosha watu wengi zaidi, na mengine mengi huzaliwa nayo. Vipimo makini ni vile vinavyoikaribia zaidi treni halisi, na njia yenyewe hupanuka: EM ina milimita 18.2, na P4, iliyo makini zaidi, ina 18.83 kamili. Vinavyopungua ni vitu vitatu ambavyo mtazamaji wa kawaida havioni: unene wa gurudumu, kina cha ukingo wake unaoshika upande wa ndani wa reli, na mwanya unaoachwa kwenye pointi, pale njia zinapogawanyika, ili ukingo huo upite. Gurudumu la kawaida la OO lina unene wa karibu milimita 2.8. La EM ni kama 2.3, la P4 ni 2. Mwanya wa pointi kwenye OO ni 1.25, kwenye EM ni 1, na kwenye P4 ni 0.68. Umakini wote uko kwenye sehemu hizo za milimita.

"Basi ng'oa reli moja, isogeze nje milimita 1.7, umemaliza."

Alinieleza hivi fundi seremala mmoja hodari wa Majengo, na kwa jicho la seremala hesabu yake ni sahihi: 18.2 kutoa 16.5 ni 1.7. Kwenye njia iliyonyooka ungeweza hata kudanganyika kwamba imekubali. Lakini mataruma ya reli nyingi za OO za zamani yalichukua saizi ya H0, mafupi na yamesongamana. Taruma la Kiingereza la futi 8 na nusu linatakiwa liwe na urefu wa milimita 34 kwa uwiano huu. Ukipanua reli juu ya taruma fupi, ncha zinabaki vibutu na njia inaonekana mbaya kuliko ulivyoikuta.

Kwenye pointi ndipo hesabu hiyo inavunjika kabisa. Chukua pointi ya EM. Mahali reli zinapokatana, kuna reli ya ulinzi upande mmoja na reli ya bawa upande wa pili, kila moja imeacha mwanya wa milimita 1 ndani ya reli kuu. Toa miwili hiyo kutoka 18.2, inabaki 16.2. Magurudumu mawili ya ekseli moja lazima yaupite upana huo kwa ndani, mgongo hadi mgongo, bila kuugusa. Ndiyo maana magurudumu ya EM huwekwa milimita 16.5 kutoka mgongo hadi mgongo: yanapita na nafasi ya 0.3 inabaki. Magurudumu ya OO yana takriban 14.4. Yapitishe hapo, yanapanda juu ya reli za ulinzi na behewa linaanguka, kila mara, kwa kasi yoyote ile. Ukiifanya OO yenyewe hesabu hiyo, 16.5 kutoa 2.5 ni 14, na 14.4 inapita vizuri. Gurudumu na njia huzaliwa pamoja. Ukibadilisha kimoja, umelazimika kubadilisha cha pili.

"Lazima uvunje kila kitu."

Hapana, na hapa naomba mtu asikimbilie nyundo. Kabla ya kugusa chochote, chora mstari wa katikati ya kila njia kwenye ubao, kwa alama nyingi, hasa kwenye mikunjo na mbele ya majukwaa. Mabehewa hayaongezeki upana unapohamia EM. Yanabaki na mwili uleule wa 1:76. Kwa hiyo majukwaa, madaraja, mahandaki na kuta za karakana zitabaki na nafasi zilezile mradi njia mpya ikae juu ya mstari uleule wa katikati. Reli inatoka nje chini ya milimita moja kila upande. Jukwaa la stesheni ya mjomba, lenye ukingo uliopakwa rangi nyeupe kwa mkono wake, halikuguswa.

Njia ya zamani nayo huhitaji subira tu. Kokoto za reli nyingi ndogo zimeshikwa na gundi nyeupe ya maseremala iliyochanganywa na maji. Gundi hiyo ikikutana na maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo hulainika tena. Lowesha kwa brashi, ngoja, lowesha tena, kisha pitisha kisu bapa cha kupakia rangi chini ya mataruma. Njia inanyanyuka nzima na kokoto zinakwanguka kama uji mzito. Usimwage maji kwa kikombe, maana plaiwudi ikiyanywa utapata kazi nyingine usiyoitaka. Na misumari midogo iliyopigwa katikati ya mataruma itoe kwanza, usije ukaing'ang'ania njia ambayo bado imefungwa.

"Ukingo mdogo unaanguka ovyo."

Anayesema hivi anamfikiria mtu aliyeweka magurudumu makini juu ya njia mbovu. Ukingo mkubwa wa OO husamehe: ubao ukiwa na bonde, kiungo kikiwa na kidato, gurudumu linaruka na kurudi mahali pake. EM husamehe kidogo zaidi kuliko P4, na njia ikitandikwa kwa vipimo, treni zenye chesisi ngumu hukimbia bila tatizo. Pendon, makumbusho ya kule Oxfordshire, wamekuwa wakiendesha treni za kipimo cha EM kwa miongo mingi mbele ya wageni.

P4 ni jambo lingine. Hapo ukingo ni mdogo kiasi kwamba kila gurudumu lazima liguse reli muda wote, hivyo injini huhitaji springi au ekseli moja inayoyumba, kwa kanuni ya kigoda cha miguu mitatu ambacho hakikosi kutulia hata sakafu ikiwa na mabonde. Ni kazi nzuri sana na ninawaheshimu wanaoiweza. Kwa mtu anayebadilisha reli ya zamani yenye mabehewa mengi, ushauri wangu ni EM. Tofauti ya milimita 0.63 na ukweli kamili haionekani kwa macho, ila kazi inayookolewa ni kubwa.

"Joto la Mombasa litaipinda reli."

Hili ndilo ninalolisikia zaidi hapa kwetu, na lina chembe ya ukweli iliyokaa mahali pasipo pake. Reli ndogo za siku hizi ni za shaba nyeupe, aloi ya shaba, nikeli na zinki. Reli ya mita moja ikipanda joto kwa nyuzi 10 hurefuka kama milimita 0.18. Acha mwanya mwembamba kwenye viungo, usizilehemu zote kuwa kipande kimoja, na suala limekwisha. Ndani ya nyumba za pwani joto lenyewe halipandi na kushuka sana kati ya usiku na mchana.

Adui wetu ni unyevu. Mbao hunywa unyevu wa masika na kuvimba, kisha hukauka kaskazi inapovuma, na huvimba kwa upana wake zaidi ya urefu. Mbao ya kawaida iliyowekwa vibaya inaweza kuvuta pointi ikaharibu mwanya ambao ulikuwa 1 kamili mwezi wa Februari. Tumia plaiwudi nzuri, ipake vanishi pande zote mbili na kingo zote, hata upande wa chini ambao hautaonekana. Watu hupaka juu tu. Upande mmoja ukinywa na mwingine ukifungwa, ubao unapinda. Seremala wa Majengo, nilipomweleza shida ni unyevu, ndiye aliyenifundisha kuziba kingo kabla ya kufunga fremu, na hakuna mtu wa reli ndogo aliyewahi kunipa ushauri bora.

Chumvi ya bahari nayo ni sababu ya kutonunua reli za chuma kitupu, hata kama rangi yake inafanana na reli halisi. Zitashika kutu. Reli za shaba nyeupe zilizotajwa juu hazishiki kutu. Futa vichwa vyake mara kwa mara basi.

"Mikunjo itabaki ilivyo."

Natamani ingekuwa hivyo. Mikunjo ya vifaa vya kuanzia vya OO ina nusukipenyo cha milimita 371 au 438, na hiyo haiwezekani kwenye EM. Chini ya milimita 900 hivi utaanza kupigana na injini ndefu, na P4 inataka zaidi ya mita moja. Mduara mzima wa EM kwa hiyo unakula karibu mita mbili za chumba kwa upana, na si kila nyumba ya Mji wa Kale au ghorofa ya Tudor ina mita mbili za kutoa.

Kinachofaa ni kuacha mduara. Jenga kituo cha mwisho: treni inaingia, inasimama, injini inatenganishwa, inazunguka kwa njia ya pembeni na kushika mkia. Stesheni ya zamani ya Mombasa ilikuwa hivyo hasa. Ubao wa mita tatu kando ya ukuta unatosha, na una michezo mingi ya kupanga mabehewa kuliko treni inayozunguka bila kufika.

Mengine ni mafupi. Umeme haubadiliki, volti ni zilezile. Ila makutano ya pointi yakiwa ya chuma kitupu yanahitaji swichi ya kugeuza chanya na hasi, la sivyo utapiga shoti kila treni ikivuka. Mabehewa hayachongwi: ekseli zenye ncha kali za 1:76 zina urefu wa kawaida wa milimita 26 kwenye OO na EM pia, kwa hiyo unavuta ekseli ya zamani na kupachika nyingine yenye magurudumu yaliyoachana zaidi kidogo, bila kukata kitu. Injini za dizeli nyingi ni rahisi karibu kama hivyo. Za mvuke ndizo zenye kazi, maana magurudumu yakitoka nje hugusa vifuniko vyake, breki, na fimbo zilizo nyuma ya silinda. Anza na dizeli.

"Ukishaibadilisha, utajenga reli yetu kwa usahihi."

Hapa inategemea reli ipi. Reli ya zamani iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901 ina upana wa mita moja. Kwa uwiano wa 1:76 hiyo ni milimita 13.1, kwa hiyo EM wala P4 hazikufikishi huko. Anayetaka injini kubwa za Garratt za daraja la 59, zile zilizoundwa na Beyer Peacock na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, ana njia mbili nzuri: ajenge kwa 1:87 juu ya njia ya milimita 12, au aiache njia yake ya 16.5 na akuze treni hadi karibu 1:61, ambapo 16.5 ni mita moja.

Reli ya SGR iliyofunguliwa mwaka 2017, ambayo stesheni yake ya abiria ya Mombasa iko Miritini, ni ya milimita 1,435. Zidisha 16.5 kwa 87, unapata 1,435 na nusu. Anayetaka kujenga SGR kwa H0, basi, njia ya 16.5 aliyoirithi tayari ni sahihi, na asiing'oe.