Mkungu ukipukutika, usikimbilie shoka

Majani ya mkungu, ule mti wa kivuli uzaao makungu, yakianza kuwa mekundu, wengi hudhani mti umeugua. Haujaugua. Mkungu hupukutisha majani, mara nyingi mara mbili kwa mwaka, na hauchelewi kuchipua. Ukiwa na shaka, kwangua gome la kijitawi kwa ukucha. Ukikuta ukijani wenye unyevu, mti uko hai, uache.

Kuutambua ni rahisi. Matawi hutoka ngazi kwa ngazi, yamelala. Majani yana urefu wa sentimita 15 hadi 25, mapana upande wa ncha, membamba kwenye kikonyo, nayo husongamana mwishoni mwa kitawi. Ule mti wa mapambo uitwao mwavuli, wenye asili ya Madagaska, nao una ngazi, ila majani yake ni madogo sana. Kungu, yaani tunda la mkungu, limebanwa kidogo na lina ukingo pembeni. Ganda lake la nyuzi huelea, kwa hiyo bahari huyasambaza makungu pwani nzima.

Kwa mbegu, okota makungu yaliyoiva na kuanguka yenyewe, uyapande mapema, maana yakikaa sana huota vibaya. Menya nyama, loweka usiku kucha, kisha fukia sentimita 3 hivi kwenye kiriba (mfuko wa kuoteshea miche) chenye mchanga na samadi iliyooza. Mwagilia kila siku. Huchukua wiki 3 hadi 6, na wanaofukua kuchungulia huvunja chipukizi. Kiriba kiwe kirefu. Kikiwa kifupi, mzizi mkuu hujikunja, na mti wa namna hiyo ndio unaolazwa na upepo wa kusi baadaye.

Mche ukifika sentimita 40, uhamishe masika yanapoanza, kwenye shimo la sentimita 60 kila upande. Karibu na bahari, kama Raskazone kule Tanga, chumvi na upepo wa bahari haviusumbui, lakini maji yakituama mizizi huoza. Ukikuta mwamba wa matumbawe, panua shimo ujaze udongo.

Mahali pa kuupanda ndipo penye makosa mengi. Acha mita 8 kutoka ukutani, na zaidi ya hapo kutoka kwenye karo la choo. Mizizi hutambaa juujuu na kuinua sakafu. Kilele usikikate kamwe, kwani ngazi huharibika. Mti ukivuka mita 3, ondoa ngazi ya chini tu, watu wapate kukaa. Mwisho, safisha mifereji ya paa kila unapopukutika, na majani hayo yatandaze kwenye mashina ya miche midogo.