Matone kwenye shafti ya boti si lazima yawe dalili ya hatari

Katika makundi ya gumzo ya wenye boti za injini ya ndani husambazwa ujumbe usemao kwamba tone lolote la maji panapopita shafti ya propela (mhimili unaotoka kwenye injini kuizungusha propela) kwenye mwili wa boti ni dalili ya kuzama, na kwamba nati inayobana hapo ikazwe mpaka pakauke. Ushauri huo, ingawa hutolewa kwa nia njema, huharibu shafti.

Mkanganyiko unatokana na kuwapo kwa mifumo miwili ya kuzuia maji yasiingie hapo. Katika ule wa zamani, kamba za pakingi hubanwa kuizunguka shafti, na maji machache yanayopenya ndiyo huzipoza na kuzilainisha. Matone mawili au matatu kwa dakika shafti inapozunguka ni kawaida, ijapokuwa baadhi ya pakingi za kisasa huvuja chini ya hapo. Zikikazwa hadi zikauke, huungua na kuichimba shafti mifereji. Mfumo wa pili, sili ya kimakanika, ni kitu kingine kabisa: nyuso mbili laini, moja ikizunguka pamoja na shafti na nyingine ikiwa imetulia, husukumwa zigusane, na kati yake hubaki utando mwembamba wa maji usiodondoka. Sili hiyo ikivuja mfululizo, iangaliwe na fundi.

Mwenye pakingi ahesabu matone akiwa mbali na shafti inayozunguka, kisha azime injini na kugusa kifuniko kinachobana pakingi: kikiwa vuguvugu hakuna tatizo, kikiunguza kimebanwa kupita kiasi. Tafadhali msiusambaze tena ujumbe huo, hasa kwa wavuvi wanaofunga injini ya ndani kwa mara ya kwanza.