Saa ya dhahabu: maana yake kwa mpiga picha wa mandhari

Saa ya dhahabu ni ule muda mfupi jua linapochomoza na linapokaribia kuzama, ambapo mwanga huwa laini na wenye rangi ya manjano iliyokolea. Neno "saa" lisikudanganye. Kinachohesabiwa ni kimo cha jua angani: wapiga picha wengi huchukua nyuzi 6 juu ya upeo wa macho hadi nyuzi 4 chini yake.

Jua likiwa utosini, miale yake hukata hewa kwa njia fupi. Likiwa chini, miale huja kwa mshazari na kupita kwenye hewa nyingi zaidi. Njiani mwanga wa buluu hutawanywa huku na kule, na unaotufikia ni ule wa manjano, wa chungwa na mwekundu.

Rangi ndiyo inayosifiwa, ila kwangu kivuli ndicho chenye kazi kubwa. Piga picha ya nyayo ufukweni saa sita mchana: utapata mchanga mweupe tu, bapa kama karatasi. Rudi asubuhi, jua likiwa ndio kwanza limejitenga na bahari. Kila unyayo una ukingo unaong'aa na ukingo wenye kivuli, alama za vidole zinahesabika, hata vijia vya kaa vinaonekana vilikotoka na vinakokwenda. Mnazi wa mita 15, jua likiwa nyuzi 6, hulaza kivuli cha zaidi ya mita 140. Kivuli hicho ndicho kinachoipa ardhi mwinuko na bonde ndani ya picha, ambayo yenyewe haina kina.

Kwetu karibu na ikweta kuna jambo la kuzingatia sana. Jua hushuka karibu wima, kwa mwendo wa nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo nyuzi 6 za mwisho huisha kwa dakika 25 hivi. Tromsø, kaskazini mwa Norwei, katikati ya kiangazi jua halizami. Usiku huning'inia chini chini na mwanga wa dhahabu ukadumu saa nyingi. Mpiga picha wa huko ana nafasi ya kutangatanga akitafuta pa kusimama. Wa Bagamoyo hana. Awe amekwishapachagua mahali tangu jana, stendi imesimama, lenzi imefutwa. Faraja yetu ni kwamba saa za Kiswahili zenyewe zinaanzia hapo: saa kumi na mbili, asubuhi na jioni, na mwaka mzima jua halisogei mbali nazo.

Ukimpiga mtu picha unaweza kumwambia ageuke. Mlima haugeuki. Anayehama ni wewe, au mwanga. Ndiyo maana naiona kazi hii kuwa ni ya kusubiri kuliko kubonyeza. Dar es Salaam na Mombasa bahari iko mashariki, basi jua la baharini ni la asubuhi. Ukilitaka la jioni, vuka uende upande wa magharibi wa Unguja, Forodhani au Kendwa. Kilimanjaro mara nyingi hujifunika mawingu mchana, na alfajiri hujifunua. Kilele cha Kibo, mita 5,895, hupata jua dakika kadhaa kabla ya tambarare: theluji imeshakuwa ya waridi huku migomba ya chini ingali gizani. Nimewahi kuamka siku tatu mfululizo kwa ajili ya dakika hizo, na mbili kati yake mlima haukutoka. Siku hizo nazihesabu kuwa za kazi.

Angalizo moja la simu na kamera: zikiachwa zijipangie rangi zenyewe, hudhani umanjano huu ni kasoro na kuufuta. Kwenye mpangilio wa rangi ya mwanga, ondoa otomatiki, chagua alama ya jua.

Na wengi hufungasha vifaa pindi jua linapozama. Kaeni kwanza. Kwa robo saa hivi jua lililokwisha kutupotea sisi bado linayafikia mawingu ya juu, likiyamulika kwa chini, na maji yaliyotulia huirudisha rangi hiyo yote hadi miguuni pako.